Anarekodi Sauti

Binti aliyepokea meza yangu ofisini alinipigia simu mara tatu wiki yake ya kwanza. Mara mbili alitaka nywila ya kompyuta, ambayo imeandikwa kwa kalamu ya wino chini ya droo, mahali ambapo mtaalamu yeyote angeikuta na kusikitika. Mara ya tatu akaniambia, mama, tuandikie basi namna ulivyofanya kazi na hawa watu, maana kwenye mafaili kuna taarifa tu. Ni kweli. Kwenye mafaili kuna mahudhurio, picha ya pamoja, changamoto na mapendekezo. Kwa hiyo nimekaa hapa nyumbani Dongobesh, ukungu haujaondoka shambani, naandika yale ambayo fomu hazikuwa na nafasi yake.

Vyeo sitavisema. Nilikuwa afisa maendeleo ya jamii, na miaka ambayo naikumbuka zaidi ni ile niliyokuwa upande wa Gendabi. Nilifika huko siku ya mvua nikiwa na viatu vya mjini vyenye kisigino kifupi, kwa sababu nilidhani mtu mpya anatakiwa aonekane. Nilionekana kweli. Kiatu cha kushoto kilibaki kwenye tope mbele ya ofisi na watu waliokuja kunipokea, nikaingia mkutanoni na soksi. Siku ya pili nilishuka Katesh nikanunua mabuti ya mvua, ya kijani, namba ya kiume maana ya kike hayakuwepo. Nikayavaa masika na kiangazi mpaka watu wakawa hawaulizi afisa yuko wapi, wanauliza mabuti yamepita wapi.

Kazi ilikuwa ile mnayoijua: vikundi vya akina mama, vyoo, watoto waliotoroka shule, ndoa zilizogoma kwenda mbele na kugoma kurudi nyuma. Halafu zikaja simu za kupangusa, na nyuma ya simu ikaja barua ikitutaka maafisa wote tufundishe jamii matumizi sahihi ya mitandao. Barua ilikuwa nzuri, ina mihuri miwili. Mimi wakati huo nilikuwa na simu ndogo ya kitochi iliyofungwa kwa mpira wa kandambili.

Aliyenitoa kwenye aibu ni Hadija, binti wa familia ya wafanyabiashara pale Katesh. Babu yake alitoka Kondoa na mzigo wa nguo, baba yake akauza khanga na kofia, yeye akageuza nusu ya duka kuwa ya simu. Alikuwa na umri wa mwanangu wa pili. Nilikwenda kwake kila siku ya mnada kujifunza, na kwa kuwa amelelewa vizuri, hakuna siku aliyonisahihisha bila kunisalimia kwanza. Shikamoo mama, usibonyeze kana kwamba unapiga muhuri. Shikamoo mama, hapo umempigia mtu wa Dar. Nilipofuta kwa bahati mbaya picha za harusi ya mteja wake, alinisalimia mara mbili, kisha akaenda nyuma ya duka akakaa kidogo peke yake.

Jambo moja aliloniambia nililiandika kwenye daftari, na naliandika tena hapa kwa ajili yenu. Alisema hiki kitu hakina sura. Mtu akikasirika huoni mdomo wake, akitania huoni macho yake, kwa hiyo wewe mwalimu ndiye utakayewakumbusha kwamba upande wa pili kuna mtu. Niliona ni maneno ya kawaida. Yalikuja kunirudia baadaye.

Darasa letu lilikuwa Jumamosi, kwenye stoo ya ofisi ya kijiji, katikati ya magunia. Simu zilikuwa sita kwa watu ishirini, na paneli moja ya sola iliyochaji kwa hiari yake. Jumamosi ya kwanza akina mama wa wakulima, wengi wao Wairaqw wenzangu, walikaa upande wa dirisha. Akina mama wa Kibarbaig, waliotoka kwenye maboma ya chini na bangili zao za shaba, walikaa upande wa mlango. Walisalimiana kwa heshima zote na hakuna aliyevuka katikati. Nikaamua kugawa simu kwa namna moja tu, kila simu watu watatu au wanne, na angalau mmoja awe wa dirishani na mmoja wa mlangoni. Walinung'unika kidogo. Lakini ukishika simu na mtu, lazima usogeze bega, na ukikosea yeye ndiye wa kwanza kucheka.

Hapo ndipo nilipompata mama mmoja ambaye ofisini tulimwita Mama Kibuyu, kwa sababu alikuja kila mara na kibuyu cha maziwa akakiweka juu ya rejista yangu. Jina lake lenyewe sitaliandika, na sababu nitaieleza nikifika mwisho. Alinizidi umri kidogo, kwa hiyo mimi ndiye niliyempa shikamoo. Akaitikia, akauliza habari za nyumbani, za watoto, za mvua ya kwetu Mbulu, kisha akauliza ng'ombe zangu hazijambo. Nikamwambia sina ng'ombe. Akaniangalia kwa huruma ya kweli, akasukuma kibuyu karibu yangu zaidi.

Somo la pili lilikuwa kuhifadhi namba. Moja ya zile simu sita ilikuwa yake, na namba ya kwanza aliyotaka kuiweka humo ni ya baba mkwe wake, mzee mwenye boma. Nikamwambia taja jina tuandike. Akanyamaza. Nikarudia, nikidhani hajanielewa, mpaka mwenzake akaniambia taratibu kwamba huyo hatajwi. Kwao mwanamke akishaolewa halitamki jina la baba mkwe, hata neno linalofanana nalo analikwepa na kutumia jingine, na mama mkwe vivyo hivyo. Si chuki wala woga. Ni heshima, na anaibeba mpaka kaburini.

Tulikaa tukafikiri. Mwisho yeye mwenyewe akapata njia. Jumamosi iliyofuata alikuja na picha ya fahali wa yule mzee, mwekundu, mwenye baka jeupe begani na pembe ya kushoto iliyoinama. Tukaiweka picha hiyo kwenye namba. Simu ikadai jina, tukaipa nukta moja. Alicheka mpaka akashika mbavu, kwamba hata mashine imekubali kutotaja. Wengine wote aliwaandika kwa mkono wake mwenyewe, kwa herufi kubwa, baada ya miezi ya kujifunza: KLINIKI, HADIJA, na BOAY, mkulima aliyefahamiana na boma lao.

Siku ya somo la picha niliwaambia kila mmoja anipige picha mimi, nikasimama mlangoni kwenye mwanga. Wengi walinikata kichwa, jambo la kawaida. Yake ilitoka mabuti tu, mabuti mawili ya kijani na tope lake. Nikamwambia umekosa, inua mkono. Akasema hajakosa. Nikamwambia afute apige nyingine, akafunga simu akaiweka kwenye shuka lake. Kulikuwa na wengine kumi na tisa wa kuwashughulikia, nikapita.

Baadaye tukaanzisha grupu kwenye simu, tukaliita Jirani. Wakaingia wanadarasa, waume zao, Hadija, na wakulima kama Bwana Boay, mwalimu wa kwaya na mtu wa maneno mengi. Mimi nikawa admini. Sheria zilikuwa chache. Salamu kwanza, jambo baadaye. Dini ya mtu haichezewi. Lile jina ambalo watu wa nje huwaita wafugaji, ambalo wao hawalipendi, lisiandikwe humo. Na kabla ya kusambaza picha au video yoyote ya ugomvi, jiulize: mlima uko wapi? Kwetu huwezi kupiga picha nje bila Mlima Hanang kuingia mahali fulani, au angalau kujua uko upande gani. Kama huuoni mlima, huenda si kwetu; angalia mahindi yamefika hatua gani, halafu sikiliza anayeongea ni nani. Nilijivunia somo hilo la mlima. Nililitumia hata kwenye semina.

Na kila asubuhi, kabla sijamaliza chai, Mama Kibuyu alituma salamu ya sauti. Hakupenda kuandika mbele za watu. Alisalimia kila upande wa kijiji, akauliza wagonjwa kwa majina, ndama wa nani amezaliwa, bibi wa nani ameamkaje, na nyuma yake kengele za ng'ombe zikilia na mbwa mmoja ambaye hakuwahi kukubaliana na chochote. Zilikuwa dakika tatu, wakati mwingine nne. Watu walilalamikia bando. Mimi nakiri kwamba mara nyingi niliruka katikati nikaenda mwisho, pale anaposema basi, mfanye kazi vizuri. Leo ningeacha chai ipoe nisikilize zote. Simu niliyokuwa nayo wakati ule ilianguka kwenye ndoo, na salamu zile zilikwenda nayo.

Lilikuwa grupu zuri, sitaki mfikiri ni uzee unaonidanganya. Sikukuu ya Idi Hadija alituma picha ya sinia na watu wakaomba wabakiziwe. Krismasi Boay alirekodi kwaya yake nzima, na akina mama wa mabomani wakajibu kwa vigelegele. Mtoto wa mtu akipotea na mbuzi, aliyemwona wa kwanza alisema. Nilikuwa nikitembea njiani nasikia simu zinatoa sauti nyumba hii na ile kwa pamoja, na nilijua wanaitikiana.

Sasa nifike kwenye siku yenyewe. Ilikuwa siku ya mnada, mchana, na taarifa yangu ya robo mwaka ilitakiwa Katesh kabla ya jioni. Mavuno yalikuwa yamekwisha, mashamba yamebaki mabua. Mwezi mmoja nyuma ng'ombe waliingia kwenye shamba la mtu, mambo yakasuluhishwa, lakini mioyo ilikuwa bado haijapoa. Ndipo ikaingia video. Ng'ombe wengi ndani ya mahindi, mtu analia, fimbo zinapigwa, na chini yake mtu ameandika kwamba ni kwetu, asubuhi ya leo. Kati ya wale ng'ombe alikuwepo fahali mwekundu, pembe moja imeinama.

Boay aliandika wa kwanza, bila salamu. Akasema fahali huyo anamfahamu, ni wa maboma ya chini, na Mama Kibuyu anamfahamu zaidi, basi ataje ni wa nani. Wengine wakafuata. Taja. Taja jina. Niseme pia kwamba Boay huyo huyo alikuwa na ng'ombe wake anayetunzwa kwenye boma la akina Mama Kibuyu. Ni utaratibu wa zamani kati ya familia za huku, mtu kumwekea rafiki yake ng'ombe, na wao waliurithi kwa baba zao. Siku hiyo hilo hakulikumbuka.

Ukaja ujumbe wa sauti wa Mama Kibuyu, mfupi kuliko wote aliowahi kutuma.

"Mwenye fahali kama huyu mimi namjua. Kumtaja, siwezi."

Mimi nilijua maana yake. Katika watu wote wa kundi lile, mimi ndiye niliyekaa naye kwenye magunia tukatafuta namna ya kutokumtaja mzee yule. Nilitakiwa niandike sentensi moja tu kuwaeleza. Lakini taarifa ya robo mwaka ilikuwa imefunguka mbele yangu, simu inatikisika juu ya meza, na watu walikuwa wameshapokea maneno yale kama mtu anayemficha mhalifu. Anawalinda. Wote ni wamoja. Halafu mtu mmoja akaliandika lile jina tulilokataza.

Aliyestahili kutolewa ni huyo aliyeliandika. Nikafikiri, nikimtoa yeye wataniona napendelea, moto utazidi. Nikimtoa Mama Kibuyu kwa muda, hawatakuwa na wa kumrushia, watanyamaza, nitamrudisha kesho. Nilijiambia namkinga. Nikafungua jina lake. Pale juu ya kioo palikuwa pameandikwa anarekodi sauti. Niliona maneno hayo kwa macho yangu, nikabonyeza kumwondoa, na maneno yakapotea.

Hawakunyamaza kwa sababu yangu. Walinyamaza kwa sababu mistari ilianza kupanda kwenye kioo mmoja mmoja: fulani amejiondoa, fulani amejiondoa. Akina mama tisa wa mabomani waliondoka kabla sijamaliza ukurasa wa taarifa. Nusu saa baadaye Hadija akanipigia kutoka dukani.

"Shikamoo mama. Hiyo video ni ya zamani, mimi niliiona kitambo, ya mbali huko. Angalia mahindi, mama. Mabichi."

Nikaangalia. Yalikuwa mabichi, yamechanua, wakati kwetu hata mabua yalikuwa yamekauka. Nyuma yake kulikuwa tambarare mpaka mwisho wa macho, hakuna hata kichuguu. Nilimshukuru Hadija, nikaituma taarifa ya robo mwaka. Kwenye sehemu ya mafanikio nilikuwa nimeshaandika kwamba jamii inatumia mitandao kwa kuvumiliana, na sentensi hiyo sikuifuta.

Kesho yake asubuhi nilivaa mabuti nikashuka mabomani. Njiani nikamkuta Boay ananisubiri, kofia mkononi. Alisema tu kwamba yeye mwenyewe alikuwa ameshavuna wiki mbili kabla, na hakujua macho yake yalikuwa wapi. Tukaenda pamoja.

Mama Kibuyu alitukaribisha, akatupa maziwa, akauliza habari za nyumbani kwa mpangilio wake wote kana kwamba hakuna kilichotokea. Nilimwambia nimekuja kuomba radhi, na nikasema kosa langu ni lipi, kwamba nilijua na nikamwacha. Alitoa simu kwenye shuka, akafungua video akaniwekea mkononi. Ilikuwa imepigwa jana yake mchana. Ilianza na zizi, ikamfikia fahali mwekundu mwenye baka begani, amesimama nyumbani anatafuna, halafu ikapanda polepole mpaka Mlima Hanang wote ukaingia, na wingu lake juu.

"Niliutafuta mlima," akasema. "Kama ulivyotufundisha. Nikapiga, nikaanza kueleza. Nilikuwa bado naongea, Mama Maendeleo."

Nilifanya kazi hii miaka mingi na nimetukanwa na wanaume wazima hadharani. Hakuna lililowahi kuniingia namna ile. Nililia pale, mbele ya Boay, na maziwa mkononi. Boay akageukia zizini, akamwona ng'ombe wake amesimama na wengine, amenona kuliko wale wa nyumbani kwake. Akauliza kwa sauti ndogo kama aje amchukue.

"Ng'ombe hajakosa," Mama Kibuyu akamjibu, na hayo tu ndiyo aliyomwambia siku ile.

Jioni Boay aliomba radhi kwenye grupu kwa sauti yake, akaeleza kila kitu, pamoja na mila ya kutomtaja mkwe, na akaituma video ya zizi na mlima. Walioandika vibaya waliomba radhi, yule wa jina lililokatazwa nilimtoa mpaka alipokwenda mwenyewe kwa miguu kusema samahani. Akina mama sita kati ya wale tisa walirudi baada ya muda. Nikamtumia Mama Kibuyu mwaliko. Aliuona. Jumamosi alikuja darasani kama kawaida, akaweka kibuyu juu ya rejista, akaniambia amenisamehe, ila kwenye grupu harudi. Nilimwomba tena na tena, kwa miezi. Alitikisa kichwa tu, bila hasira, na asubuhi zangu zikawa kimya.

Nililobadilisha kazini baada ya hapo mnaweza kulichukua. Kabla ya kumtoa mtu yeyote, mpigie simu, sikia sauti yake. Na ukiona kioo kimeandika kwamba mtu anarekodi, ondoa mikono, kaa, subiri amalize. Haizidi dakika nne. Taarifa ya robo mwaka inaweza kuchelewa, na siku hizi najua kwamba hakuna aliyekuwa akizisoma.

Mwaka uliofuata kiangazi kilikuwa kibaya, malisho yakaisha, boma lao lote likahamia kusini, mbali kupita Singida. Aliniaga darasani kwa kunishika mkono tu. Nilipopiga namba yake haikupatikana. Nikaanza mimi kumtumia salamu za sauti asubuhi, ndefu, kwa mpangilio wake: watu wa nyumbani, wagonjwa, mvua, ndama wa Boay. Alama moja ya tiki ilikaa wiki nzima, halafu siku moja moja zikawa mbili, kwa hiyo nilijua zinamfikia mahali. Jibu halikuja. Niliendelea mpaka nikastaafu, na baada ya kustaafu sikuacha, maana hapa nyumbani asubuhi ni ndefu kuliko ya ofisini.

Mwezi uliopita nilishuka Katesh kumsalimia Hadija, nikapita mnadani. Mwanamke kijana mwenye bangili za shaba alisimama mbele yangu akaangalia chini, miguuni kwangu, kwa muda mrefu. Nilikuwa nimevaa mabuti. Akanipa shikamoo, akauliza kama mimi ndiye Mama Maendeleo. Akasema ameolewa kwenye boma lile lililohama, amekuja kusalimia kwao. Nikamuuliza habari za Mama Kibuyu, na katika furaha nikalitamka jina lake lote. Yule binti akaangalia pembeni, akanyamaza.

Safari hii sikurudia swali. Nilisubiri kidogo, nikasema, yule aliyekuwa akitutumia salamu asubuhi.

"Yule hayupo, mama," akasema. "Ametutoka masika haya."

Tulisimama pale, watu wanapita na mbuzi wao. Baadaye akaniambia kwamba kule walikohamia mtandao haupatikani mpaka upande kilima, na mama mkwe wake alikuwa akipanda kila baada ya siku kadhaa, hata alipokuwa haoni vizuri, anakaa juu ya jiwe anasikiliza salamu zangu. Alizisikiliza mpaka mwisho, hakuruka. Nikauliza kwa nini hakuwahi kujibu. Binti akasema hajui, na nilimheshimu kwa kutobuni jibu.

Kisha akatoa simu ile ile ya zamani ya mama mkwe wake, kioo kimepasuka kona, akasema kuna kitu alitaka kuhakikisha. Akafungua orodha ya namba. Juu kabisa, kabla ya majina yote ya herufi kubwa, kulikuwa na nukta mbili, moja chini ya nyingine. Ya kwanza ilikuwa na picha ya fahali mwekundu mwenye baka begani. Ya pili ilikuwa na picha ya mabuti mawili ya kijani, yamejaa tope, mlangoni pa stoo ya magunia.

"Hizi ni za wasiotajwa," akasema. "Alituambia hii ya viatu tusiifute, jina la mwenyewe hakulitaja. Leo nimeviona."

Akaibonyeza. Simu ikalia ndani ya mkoba wangu, na kwenye kioo changu likajitokeza jina lake, lote, kama nilivyoliandika mimi mwenyewe kwenye rejista Jumamosi ya kwanza. Usiku huo sikulitazama tena. Asubuhi nilitafuta nyumbani kibuyu kinachofanana na chake, nikakipiga picha dirishani, nikalifuta jina, na mahali pake nikaweka nukta.